Uchambuzi wa kisa: Pillsbury pale Hastings 1895, kafungwa raundi ya kwanza na bado kamaliza wa kwanza

Kwa nini nimeandika

Mmoja wa vijana ninaowafundisha chesi alicheza mashindano ya wikiendi, raundi tano. Jina lake, umri na mahali naviweka pembeni ili asijulikane. Raundi ya kwanza alifungwa na mtoto mdogo kuliko yeye, tena akiwa na mchezo mzuri mkononi. Kuanzia hapo akabadilika kabisa, raundi ya pili anabadilishana kila kete inayobadilishika na kabla hata mchezo haujachanganya keshaomba sare, ya tatu hivyo hivyo, ya nne, ya tano. Akamaliza na pointi mbili, maana ushindi ni pointi moja na sare ni nusu. Nilipomuuliza vipi akanijibu, "Mwalimu, angalau sijafungwa tena."

Hiyo kauli ilinikaa sana, kwa sababu nilimuelewa. Nikarudi nyumbani nikafungua upya kisa ambacho mimi binafsi nakipenda kuliko vyote kwenye historia ya huu mchezo, nikakiandaa kwa ajili yake na wenzake. Hapa wahusika wote ni watu wa rekodi za umma wa zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa hiyo majina yao nayataja bila shida. Kijana wangu ndo ataendelea kuwa "kijana" mpaka mwisho.

Mazingira yalivyokuwa

Hastings ni mji wa pwani, kusini mwa Uingereza. Kuanzia tarehe 5 Agosti mpaka 2 Septemba 1895 walikutana pale wachezaji 22, kila mmoja anacheza na kila mwenzake mara moja, yaani raundi 21 kwa karibu wiki nne. Hata leo ni mzigo mzito, sembuse enzi zile.

Kilichofanya mashindano haya yawe ya kihistoria ni orodha ya waliokuja. Kulikuwa na Emanuel Lasker, bingwa wa dunia, miaka 26, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amemvua taji Wilhelm Steinitz. Steinitz mwenyewe naye yupo, ana miaka 59, mtu aliyeshika ubingwa tangu 1886. Yupo Siegbert Tarrasch, daktari wa Ujerumani aliyekuwa ameshinda mashindano makubwa manne, Breslau 1889, Manchester 1890, Dresden 1892 na Leipzig 1894, na watu wengi walikuwa wanaamini huyu ndo mchezaji bora duniani hata kama taji hana. Yupo Mikhail Chigorin wa Urusi, aliyewahi kupigania taji dhidi ya Steinitz mara mbili. Yupo Isidor Gunsberg, naye alishawahi kupigania taji dhidi ya Steinitz. Blackburne, Bird, Burn, Janowski, kijana Schlechter kutoka Vienna... ukiangalia hiyo orodha huoni pa kupumzikia.

Halafu ndo anakuja Harry Nelson Pillsbury. Mmarekani, kazaliwa Somerville, Massachusetts, Desemba 1872, kwa hiyo pale Hastings ana miaka 22. Chesi alianza kujifunza mwaka 1888 hivi, akiwa kijana wa miaka kama kumi na tano. Watoto wa siku hizi wanaanza wakiwa na miaka sita, mitano, na huyu alikuwa na kama miaka saba tu ya chesi kichwani anapokaa mbele ya watu hawa. Kwao Marekani walikuwa wanamjua, alishacheza mashindano New York, lakini Ulaya hajawahi kucheza mashindano yoyote. Zawadi ya kwanza ilikuwa pauni 150, na sidhani kama kuna mtu pale ukumbini alikuwa anamuweka yeye kwenye hesabu za hiyo hela.

Mambo yalivyokwenda

Raundi ya kwanza Pillsbury kapangwa na Chigorin, anacheza na kete nyeusi. Chigorin akafungua na Gambiti ya Mfalme, huo mchezo wa kizamani wa kutoa askari mapema ili ushambulie, na huyu mzee ndo ulikuwa uwanja wake wa nyumbani. Pillsbury akafungwa.

Hebu jiweke pale. Umevuka bahari kwa meli, umefika kwenye mashindano makubwa kuliko yote uliyowahi kuyaona, mchezo wa kwanza umepigwa, na ukiangalia ratiba ya raundi ya pili unakutana na jina Tarrasch.

Huo mchezo wa raundi ya pili nataka nikae nao kidogo kwa sababu kwangu mimi ndo moyo wa kisa chote.

Pillsbury ana kete nyeupe, akafungua na Gambiti ya Malkia. Wakati ule mianzo ya askari wa malkia wengi walikuwa wanaiona ya kupoa, ya watu wanaotaka usalama, lakini jamaa yeye alikuwa ameifanyia kazi mpaka ameitoa silaha ndani yake: askofu g5 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), farasi anakita katikati pale e5, nyuma yake askari f4 anamshikilia, halafu kete zote zinaelekea upande wa mfalme. Tarrasch kwa upande wake alikuwa na mpango wa maana kabisa, akasukuma askari wake upande wa malkia, c4, b5, kwa kujua kwamba huko ana askari wengi kuliko mwenzake na ikifika mwisho wa mchezo mmoja wao atapita kwenda kuwa malkia. Kwa hiyo ukawa mchezo wa mbio, mmoja anakimbilia mfalme, mwingine anakimbilia kupata malkia mpya, na ukiupitia taratibu kuna sehemu unaona kabisa kwamba Tarrasch anafika wa kwanza. Muvu ya 37 ngome ya Tarrasch inaingia a3, muvu ya 38 askofu wake anakula askari wa b3, askari wake wa c3 amebakiza hatua mbili tu.

Mtu mwenye hofu hapa anarudi kulinda. Pillsbury muvu ya 42 akaweka farasi h6, wakabadilishana ngome kwenye g7, akatoa cheki, yaani akamtishia mfalme, kwa malkia wake pale g3 na mfalme wa Tarrasch akamla yule farasi. Sasa Pillsbury yuko nyuma farasi mzima, mpinzani ana askari anayekaribia kugeuka malkia. Muvu ya 45 anacheza nini? Anasogeza mfalme wake mwenyewe hatua moja kwenda kona, h1. Basi. Hakuna cheki, hakuna kinacholiwa. Anaachia tu njia ili ngome yake ihamie g1, na mfalme mweusi pale h6 hana pa kwenda. Mimi hiyo muvu kila nikiwaonyesha watoto darasa linakuwa kimya, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta cheki. Tarrasch akalazimika kumtoa malkia wake kwa ngome, na kwenye muvu ya 51 askari wake akafika c2, kabakiza hatua moja, hatua moja tu. Muvu ya 52 malkia wa Pillsbury akala h7, chekimeti.

Baada ya hapo jamaa akawa hashikiki kirahisi. Hakushinda yote, Lasker alimfunga, Schlechter naye alimfunga, lakini kati ya vipigo hivyo alikuwa anashinda tu, na akishinda anashinda kweli, haokoti pointi kwa huruma ya mtu. Wakati huohuo huku pembeni mashindano yalikuwa yanawaka kwa namna nyingine. Raundi ya 10 Steinitz alimshambulia von Bardeleben kwa mashambulizi ambayo mpaka leo yanafundishwa, na Bardeleben alipoona hana njia aliinuka akatoka ukumbini akaacha saa yake iishe badala ya kukubali kushindwa mezani.

Kwenye mbio za juu walibaki watatu: Chigorin, Lasker na Pillsbury. Chigorin alikuwa amewafunga wote wawili, Pillsbury na Lasker, na ukimuuliza mtu yeyote wa hesabu angekwambia huyo ndo wa kwanza. Lakini karibu na mwisho kabisa akafungwa na Janowski, mchezo mfupi wa muvu 16 tu, akiwa na kete nyeupe. Lasker naye alipoteza michezo minne jumla, ikiwemo kwa Tarrasch na Blackburne.

Tukafika raundi ya mwisho: Pillsbury pointi 15.5, Chigorin 15, Lasker 14.5.

Uamuzi wa siku ya mwisho

Chigorin siku hiyo ana Schlechter, Pillsbury ana Gunsberg. Sasa hesabu iko hivi: Pillsbury akitoa sare anafika 16, na Chigorin akishinda naye anafika 16, wanagawana. Akishinda hakuna wa kumgusa. Kwa kijana wa miaka 22 asiyejulikana, kugawana nafasi ya kwanza na Chigorin kwenye mashindano yenye bingwa wa dunia ndani yake ingekuwa habari ya kujivunia maisha yote, kwa hiyo kishawishi cha kutulia kilikuwepo kabisa.

Ukiangalia mwanzo wa huo mchezo unaweza ukadhani ametulia kweli. Malkia walibadilishwa kwenye muvu ya 13. Muvu ya 20 ngome zote nne hazipo ubaoni. Maaskofu nao wakaondoka. Muvu ya 26 ubao una mfalme, farasi mmoja na askari saba kila upande, sawa kwa sawa, na nina uhakika watazamaji wengi hapo wangeandika sare na kwenda kutafuta chai.

Lakini kuna kitu kidogo. Pillsbury alikuwa amekubali kubadilishana maaskofu kwa namna iliyomletea askari wa b pale c5, kwa hiyo akawa na askari ambaye mbele yake hana mpinzani, na farasi wa Gunsberg amerudi mpaka b8, sehemu mbaya. Muvu ya 27 akasukuma f5. Gunsberg akajibu g5. Muvu ya 28 farasi akaenda b4, anamtishia askari wa a6, anamtazama na wa d5. Gunsberg akasukuma a5, yaani anamwambia farasi ondoka. Na Pillsbury hakumuondoa! Akasukuma c6. Ukimla farasi, askari anakwenda c7 na hakuna wa kumzuia kuwa malkia. Gunsberg akaleta mfalme d6, Pillsbury akala e6 na bado farasi kamuacha palepale analiwa. Mara ya pili. Ukimla sasa hivi, wale askari wawili wa c na e wanamgawanya mfalme, akimkamata huyu yule anapita. Gunsberg akala c6 kwa farasi, wakabadilishana, muvu ya 32 Pillsbury akatoa e4, mweusi akala, d5 cheki, na tayari nyeupe ana askari wawili wanaoshikana mikono katikati, mfalme mweusi hawezi kuwaacha hata kidogo. Mfalme wa Pillsbury akatembea taratibu kuwazuia askari wa upande wa pili, askari wake wa h akaanza safari, na muvu ya 40 Gunsberg akakubali.

Chigorin kwa Schlechter alishinda. Lasker naye alishinda wake. Yaani ile sare ingemgharimu.

Matokeo

Pillsbury 16.5, Chigorin 16, Lasker 15.5, Tarrasch 14, Steinitz 13. Kwa Pillsbury hiyo ni michezo 15 ya kushinda, sare 3, vipigo 3. Mashindano yake ya kwanza Ulaya.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kitu cha kwanza ninachokiona ni kwamba kipigo cha raundi ya kwanza hakikumbadilishia mchezo. Siongelei ujasiri wa maneno, naongelea ubao. Raundi ya pili dhidi ya Tarrasch alicheza mpango uleule aliokuja nao kutoka kwao, akaingia kwenye mbio ambazo angeweza kabisa kuzipoteza. Angepoteza angekuwa na 0 kati ya 2 na leo pengine tusingekuwa tunamjadili, na hilo lazima tulikubali, alichukua hatari ya kweli. Ila alijua kwamba mashindano ya raundi 21 yana nafasi ya kusahihisha.

Hapa ndo ninapomrudia kijana wangu. Sare nne ni pointi mbili. Ushindi mara mbili na vipigo viwili ni pointi mbili pia. Kwa hiyo kule "kutofungwa tena" hakukumuongezea hata nusu pointi zaidi ya mtu aliyethubutu akashinda nusu na kupoteza nusu, na huyo wa pili walau ameondoka na michezo minne ya kujifunzia. Pillsbury alifungwa mara tatu, angefungwa mara moja tu na kutoa sare kumi asingefika pale alipofika.

La pili ni maandalizi. Watu wanapenda kumsimulia kama kipaji kilichoshuka kutoka mbinguni na mimi sikubaliani nao. Gambiti yake ya Malkia na ule mpangilio wa farasi e5 na askari f4 havikuja kwa bahati, alikuwa amefanya kazi kwao kabla hajapanda meli. Alikuja na vitu vichache anavyovijua vizuri, wengine wakawa wanakutana navyo mezani na saa inatembea.

La tatu, na hili nadhani ndo linasahaulika zaidi, alijua kushinda michezo ya aina mbili tofauti kabisa. Pillsbury alimpiga Tarrasch kwa moto, na Gunsberg akampiga kwa mfalme, farasi na askari. Vijana wengi wakisikia "cheza kushinda" wanaelewa maana yake ni kutoa kete hovyo na kukimbilia mfalme. Raundi ya mwisho Pillsbury alikubali malkia watoke mapema, akakubali ngome zitoke, hakulazimisha kitu, aliendelea tu kuuliza maswali kwenye nafasi ambayo wengine wangeona imeisha. Huko nako ni kucheza kushinda, labda kuliko hata kule kwingine.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Nisingekuwa mkweli nikiishia kwenye Hastings. Miezi michache baadaye, Desemba 1895 kwenda Januari 1896, waliitwa watano wa juu kwenda St Petersburg, Tarrasch hakwenda, wakabaki wanne: Lasker, Steinitz, Pillsbury, Chigorin, kila mmoja anacheza na mwenzake mara sita. Nusu ya kwanza Pillsbury alikuwa anaongoza, 6.5 kati ya 9. Nusu ya pili akapata 1.5 kati ya 9. Soma hizo namba tena. Akamaliza wa tatu na pointi 8, Lasker 11.5, Steinitz 9.5, Chigorin wa mwisho 7.

Katika hiyo nusu ya pili kuna mchezo mmoja Lasker alimfunga kwa mashambulizi mazuri mno, kwenye mwanzo wa Gambiti ya Malkia, silaha yake mwenyewe. Mwili wake pia haukuwa sawa tena baada ya safari hiyo, na afya ilimsumbua miaka iliyofuata mpaka alipofariki tarehe 17 Juni 1906 akiwa na miaka 33. Nafasi ya kupigania taji la dunia hakuwahi kuipata, na hilo linaniuma kila nikilisoma.

Kama mwalimu ninachokiona pale St Petersburg ni kwamba ile namna ya kucheza bila kupumzika, iliyomfaa Hastings alipokuwa hajulikani na kila mpinzani anakutana naye mara moja, haikuwa na akiba ya kutosha pale alipokutana na watu walewale watatu mara sita sita. Walishamsoma. Hata hivyo mwaka 1904, Cambridge Springs kule Marekani, alikaa tena mbele ya Lasker kwenye mwanzo uleule wa St Petersburg, na muvu ya saba badala ya kupeleka malkia h4 kama safari ile akala farasi wa f6 kwa askofu, akamfunga. Miaka minane baada ya kile kipigo.

Nilivyokitumia darasani

Nilimpangia kijana ule ubao wa muvu ya 26, Pillsbury na Gunsberg, bila kumwambia ni mchezo wa nani wala matokeo yake, nikamuuliza tu ungefanya nini. Jibu la kwanza lilikuwa "sare, mwalimu, ziko sawa." Nikamwambia hakuna sare leo, cheza. Akakaa. Muvu ya f5 aliiona baada ya kama robo saa. Farasi b4 aliipata pia. Nilipomchezea a5 mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye farasi kumuondoa, ukasimama hewani, akaurudisha mezani, akainama kuangalia yule askari wa c.